Kiko ya bibi, sigara ya mujukuu

Ku Kibabi wazee bado wanasema «kunywa tumbaku». Zamani, hapa Masisi na kule Walikale, tumbaku ililimwa nyuma ya nyumba, majani yakakaushwa, na jioni muzee akajaza kiko yake. Bibi naye alikuwa na yake, hakuna aliyemushangaa. Lakini kijana, hata mwenye ndevu, hakutoa moshi mbele ya baba yake.

Kisha sigara ya pakiti ikakuja pamoja na Wabeleji na kazi ya mushahara. Ku makampuni ya madini, yale yaliyounganishwa mwaka wa 1976 kuwa SOMINKI, pakiti ndani ya mufuko wa shati ilikuwa alama ya mutu wa franga.

SOMINKI ikaanguka. Mwaka wa 2000 bei ya coltan ikapanda sana, vijana wakaacha masomo, wakaingia ku mashimo. Pale sigara inauzwa moja moja, pembeni ya biskuti na pombe kali. Mutoto anawasha mbele ya muzee bila woga. Wazee wanasema heshima imekufa. Sisi tunawaelewa nusu tu: moshi wa kiko haukuwa dawa vilevile.

Kinachotusumbua ni vumbi. Mwenye kutoboa jiwe anavuta vumbi ya silisi. Inabaki ndani ya mapafu na kuyafanya magumu, na mapafu ya namna hiyo yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Tumbaku nayo inaongeza hatari ileile. Wengi wetu tunasikia ati sigara kisha kazi «inasafisha kifua». Hapana! Ndani ya njia ya pumzi kuko vinywele vidogo sana, kazi yao ni kusukuma uchafu inje. Moshi unavilegeza, na vumbi inabaki.

Ku nyumba, mambo yamegeuka. Bibi alimuletea bwana wake kaa la moto awashe kiko. Leo mujukuu wake anamufukuza bwana inje na sigara, juu ya mutoto anayelala mule mule. Tunaona ana haki. Lakini binti akivuta, anaitwa malaya, na wanaomuita vile wamesahau bibi zao.

Kongo iliingia mwaka wa 2005 ku mapatano ya OMS juu ya tumbaku. Yanakataza kuuzia watoto, na yanaomba nchi zikataze ile ya moja moja. Ku mashimo, moja moja njo soko yenyewe. Sigara kumi kwa siku ni mia tatu kwa mwezi: zidisha na bei ya kwenu, umuonyeshe mama watoto.

Na mwenye kukohola zaidi ya juma mbili, avute ao asivute, aende ku santé apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni za bure, na zinamezwa miezi sita bila kuruka siku, hata kama kikohozi kimenyamaza.