Askari wa Risasi na Mpagazi Asiyekuwamo Kashani

Mwanadamu ameumbwa akipenda kukusanya. Huyu hukusanya stempu za barua, yule sarafu za zamani, na mwingine simbi za pwani. Leo napenda tuzungumze juu ya mkusanyo ambao wengi wetu huku Temeke na Kinondoni hatukuuzoea, nao ni ule wa askari wadogo wa kuchezea, waliofanywa kwa risasi, bati au plastiki. Huenda mtu akauliza, jambo hili latuhusu nini? Nami nilikuwa nikiuliza hivyo hivyo mpaka lilipoingia chuoni kwangu.

Jioni moja, tulipokwisha darasa la Alasiri hapa Mtoni, mwanafunzi wangu mmoja wa miaka kumi na mitatu alibaki nyuma ya wenzake. Akafungua kitambaa, akaniwekea juu ya mkeka askari watano wa risasi, kila mmoja kimo chake kama kidole cha kati, sare za kaki, fezi nyekundu, bunduki begani. Rangi imebanduka, na mmoja hana mkono.

"Maalim," akasema, "hawa walikuwa katika sanduku la mzee aliyemzaa babu yangu. Alikuwa askari wa Keya, akapigana Burma. Ami anasema ni sanamu, tena ni risasi inayokaa bure. Kesho atawayeyusha afanye chubwi za mishipi yake. Je, ni haramu kuwaweka?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikamwambia awafunge tena, na kwamba baada ya Isha nitakwenda kumwona ami yake.

Kabla sijaeleza tuliyozungumza, ni vyema msomaji ajue asili ya vitu hivi. Mchezo huu si mgeni katika bara letu. Katika kaburi la mkuu mmoja wa Misri ya kale aitwaye Mesehti, huko Asyut, zilipatikana safu mbili za askari wa mti: Wamisri arubaini wenye mikuki, na Wanubi arubaini wenye pinde. Umri wao yapata miaka elfu nne, nao walipelekwa katika nyumba ya makumbusho ya Cairo. Hao hawakufanywa kwa ajili ya watoto, bali wamlinde maiti. Walakini ndio ukoo wa kale wa hawa wa leo.

Ulaya, mafundi wa Nuremberg katika Ujerumani walikuwa wakitengeneza askari bapa wa bati tangu karne ya kumi na nane. Kisha mwaka 1893 Mwingereza William Britain akavumbua namna mpya: risasi iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu, na mara tu sehemu ya nje inapoganda, iliyobaki ndani humwagwa. Hutoka askari mwenye uwazi ndani, mwepesi, wa bei nafuu. Wa miguu waliuzwa aghalabu wanane katika kasha moja jekundu. Kiwanda hicho kilitengeneza majeshi ya dunia nzima, na miongoni mwao askari wa King's African Rifles, yaani Keya wetu, na fezi zao. Hao watano wa mwanafunzi wangu ni wa kasha hilo, watatu wamepotea.

Usidhani kwamba ni mchezo usiokuwa na athari. Winston Churchill, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa nao karibu 1,500 utotoni. Mwenyewe alieleza kwamba baba yake aliwatazama siku moja, akamwuliza kama angependa kuingia jeshini. Na njia ya maisha yake ikaanzia hapo. Mwandishi H. G. Wells alitunga kitabu cha kanuni za mchezo huu mwaka 1913, akitumaini watu wakipigana sakafuni hawatataka kupigana kwa kweli. Mwaka uliofuata Vita Kuu vikawaka. Na Tangier, katika Moroko, tajiri wa Kimarekani Malcolm Forbes alijaza nyumba nzima kwa askari wadogo zaidi ya laki moja. Alifariki mwaka 1990, na makumbusho yale yakafungwa.

Turudi Mtoni. Nilimkuta ami yake kijana akishona nyavu ukumbini. Tulipokwisha kuamkiana nikamwambia: "Bwana, swali lako la sanamu ni zito, wala sitalifanya jepesi. Walakini wanavyuoni wengi wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo hilo. Imepokewa katika kitabu cha Abu Dawud kwamba Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa za kitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwuliza iweje farasi awe na mbawa, yeye akataja farasi wa Nabii Suleiman. Na Mtume akacheka. Hakuwavunja."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao walikuwa wa mtoto, Maalim. Na mtu mzima je, anayepanga kabatini?"

Nikamjibu kwamba hapo wanavyuoni wamekhitilafiana, na mwenye kutaka kujipambia sebule kwa sanamu amwulize shekhe wake kwanza. Kwa kijana huyu, nilimwambia, rai yangu ni wakae ndani ya kasha lililofungwa, wasisimamishwe mahali pa kusalia, wala wasitukuzwe.

"Na kuwayeyusha?" akauliza.

"Hilo ndilo ninalolikhofia zaidi. Wataka kuwayeyushia wapi?"

"Jikoni, juu ya mkaa."

Ndugu wasomaji, sikilizeni vyema hapa. Risasi ni sumu. Moshi na vumbi lake huingia mwilini, na khasa humdhuru mtoto: hudhoofisha ubongo, hata akawa mzito wa kufahamu masomo. Shirika la Afya Ulimwenguni limeeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa khatari hiyo kiwanda cha Britain kiliacha kutumia risasi mwaka 1966, kikashika plastiki. Basi aliye na askari wa zamani asimpe mtoto mdogo, na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni. Asiwaweke katika kasha la mbao mbichi wala mahali penye unyevu, kwani hufanya vumbi jeupe na kuoza. Wala asiwapake rangi mpya, maana thamani yao imo katika rangi ya awali na kasha la awali. Anayependa mchezo tu, wa plastiki wamtosha, na fedha isizidi posho ya nyumba.

Ami alielewa. Akaweka nyavu chini, akasema kwa sauti ndogo, "Babu yangu hakupenda kuzungumza vita. Hata sijui alikwenda Burma kwa njia gani."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tulikuwa tukibishana juu ya vipande vitano vya risasi, ilhali hakuna mmoja wetu aliyejua khabari za mtu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua kijana na ami yake, tukapanda daladala mpaka Posta, tukaenda kwenye Sanamu ya Askari iliyopo Barabara ya Samora. Kabla ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, mahali hapo paliwekwa sanamu ya Mjerumani Wissmann. Huyu wa sasa alitengenezwa na James Alexander Stevenson, akazinduliwa mwaka 1927. Singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Nikawaonyesha maandishi yaliyo chini yake. Yanawataja pia wapagazi, walakini juu ya jiwe amesimama askari peke yake. Nairobi, katika sanamu ya mwaka 1928, mpagazi amesimama pamoja naye. Dar es Salaam hayupo.

Nikawaambia: tukienda kwa miguu kidogo tutafika Kariakoo. Jina hilo ni la Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi hapo. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza peke yake walizidi 90,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, nao ni wengi mno kuliko askari waliouawa kwa bunduki. Twanunua vitunguu na kanga juu ya jina lao kila siku.

Kisha nikawaeleza njia ya Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Waliofika salama walipita bonde la Kabaw katika mvua na malaria, wakauvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Mzee wao alikuwa miongoni mwa waliorudi.

Tulirudi Mtoni kabla ya Magharibi. Juma lililofuata kijana aliniletea kasha la karatasi ngumu. Ndani yake askari watano wamefungwa pamba, na karatasi yenye jina la mzee, alikopigana, na mwaka. Pembeni pana kitu kidogo: kifurushi cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi, kama mzigo.

Nikamwuliza, "Hiki nini?"

"Mzigo wa mpagazi, Maalim. Yeye mwenyewe sikumfanya, kwa kuwa ulitufundisha juu ya kuchonga sanamu. Ami ndiye aliyeufunga huo uzi."

Nikamrudishia kasha lake, nikamwambia akalihifadhi.