Dripu si dawa ya kila homa

Mama amefika hospitalini usiku amebeba mtoto mwenye homa kali, anahema mbiombio, mikono na miguu imekuwa ya baridi. Anangoja kuona dripu inatundikwa. Tabibu anampima mtoto wekundu wa damu, kisha anatoa simu na kusoma. Mama ananung'unika: "Mwanangu anakufa, yeye anachezea simu!"

Wapendwa wazazi, manung'uniko hayo tunayaelewa. Kwa miaka mingi wagonjwa na waganga tuliamini pamoja kwamba mtoto wa namna hiyo aingiziwe maji mengi upesi mshipani. Vitabu vilisema hivyo, na jambo lenyewe lilionekana la akili. Ila halikuwa limepimwa barabara kwa watoto wa Afrika.

Lilipimwa kuanzia 2009 katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa hospitali ya Teule, Muheza. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Wengine waliingiziwa maji kwa kasi, wengine polepole tu kama kawaida. Matokeo yaliwashtua hata waliouanzisha utafiti huo. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya kasi, 10 au 11 walifariki ndani ya siku mbili. Kwa wale wengine walifariki 7. Utafiti ulisimamishwa mapema, na habari zake zikachapishwa 2011.

Sasa fikirini tabibu wa kituo cha mbali, ambaye kitabu chake kilipigwa chapa kabla ya hapo. Angejuaje? Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa mwongozo mpya wa jambo hili 2016, yaani miaka mitano baadaye.

Ndiyo maana kuna maktaba za intaneti kwa ajili ya watumishi wa afya. Hinari, iliyoanzishwa 2002 na Shirika hilo pamoja na wachapishaji, huwafungulia hospitali na vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba, bure au kwa ada ndogo. Cochrane, iliyoanza 1993, hufanya kazi nyingine: hukusanya tafiti zote za swali moja, huzipima ipi ni imara na ipi ni dhaifu, kisha huandika muhtasari. Utafiti mmoja unaweza kupotosha, ndiyo sababu kazi hiyo ya kupepeta ina thamani kubwa. (Ujumbe unaosambazwa kwenye simu zetu kuhusu mizizi na vitunguu haukupepetwa na mtu.)

Basi ukimwona tabibu anasoma, muulize bila woga: "Daktari, umeona nini hapo kuhusu mtoto wangu?" Ana wajibu wa kukueleza.

Angalizo moja. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo katika utafiti ule. Mtoto anayehara anahitaji maji: mpe maji yenye chumvichumvi za pakiti tangu nyumbani, na umwahishe zahanati akilegea au akishindwa kunywa.