Kilio cha Mtoto wa Mbwa

Mtoto wa mbwa wa wiki nane, akitengwa na mamaye, hulia usiku kucha, na asubuhi sakafu huwa imelowa. Wengi humwita mkaidi, wakamchapa. Lakini kilio hicho ni wito wa kumtafuta mama, na uwezo wake wa kuzuia mkojo haujakomaa. Ivan Pavlov (1849–1936), mtaalamu wa Urusi, alionyesha kwamba mbwa huunganisha ishara na jambo liifuatalo papo hapo. Basi fimbo ya asubuhi haimkumbushi kosa la usiku. Humfundisha kumwogopa mwenye fimbo, na mbwa mwenye hofu huuma upesi. Yafaa alazwe karibu na watu, atolewe nje kila aamkapo na kila amalizapo kula, mahali pale pale, na atuzwe hapo hapo.