Je, Wajua? Neno Moja, Maana 645

Je, wajua kuwa "run" ya Kiingereza, hiyo hiyo ya herufi tatu tuliyoambiwa shuleni kuwa ni kukimbia, ina maana 645 katika kamusi kuu ya Oxford? Mia sita arobaini na tano, na hapo ni kitenzi tu! Kamasi zikichuruzika ni "run", mto ukitiririka ni "run", mtu akigombea ubunge ni "run", na anayeendesha duka pale kona naye yumo. Mhariri Peter Gilliver alishughulika na neno hilo moja miezi tisa, muda wa kubeba mimba mpaka mtoto azaliwe.

Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set". Katika toleo la 1989 lilipewa maana zipatazo 430, na maelezo yake peke yake yalikuwa maneno 60,000 hivi. Hicho ni kitabu kizima, msomaji wangu!

Umewahi kujiuliza maana zote hizo zilitoka wapi? Hakuna aliyekaa mezani akazitunga. Mwaka 1857 wasomi wa lugha jijini London walianza mpango wa kamusi mpya, ndiyo iliyokuja kuwa hii ya Oxford, wakawaomba wasomaji wa kawaida kazi moja: ukikutana na neno kitabuni, nakili sentensi yake kwenye kikaratasi, andika jina la kitabu na mwaka, kisha utume. Toleo la kwanza lilikamilika 1928. Piga hesabu mwenyewe: miaka 71! Ndani yake mlikuwa na maneno 414,825, na mifano 1,827,306 ya jinsi watu walivyoyatumia.

Je, wajua kuwa James Murray, mhariri mkuu, alipokabidhiwa kazi hiyo mwaka 1879 aliletewa karibu tani mbili za vikaratasi? Gunia moja lilikuwa na panya aliyekufa, jingine lina panya mzima na watoto wake! Vikaratasi vya herufi H vilikuwa vimebaki Florence, Italia. Vikaratasi vya maneno yanayoanza na "Pa" vilikutwa kwenye banda la farasi huko Ireland, na vingi vilikuwa vimeshawashiwa moto.

Murray alifanya kazi kwenye banda la mabati uani kwake. Barua zilikuwa nyingi hata posta ikamsimikia sanduku mbele ya nyumba yake mjini Oxford, na ukiandika "Mr Murray, Oxford" tu, barua inafika. Alikuwa na watoto 11, na wote walipanga vikaratasi kwa alfabeti, wakipewa vijisenti vya matumizi. Alifariki 1915, kazi ikiwa haijaisha.

Hili sasa, kaa vizuri. Je, wajua kuwa mmoja wa waliomsaidia sana Murray alikuwa amefungiwa hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili? William Chester Minor, daktari wa jeshi la Marekani, alimuua mtu kwa risasi jijini London mwaka 1872 akiwa amechanganyikiwa, akapelekwa hospitali hiyo, Broadmoor. Huko alijaza chumba vitabu, akasoma, akaandika faharasa yake ya maneno ukurasa kwa ukurasa. Wahariri wakimwambia neno wanaloshughulikia, yeye hufungua faharasa na kuwatumia sentensi wanazozitaka, maelfu kwa maelfu kwa miaka kama ishirini! Naona hakuna aliyelisoma neno kwa makini kumshinda mtu huyu. Mwaka 1910 waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza aliamuru arudishwe kwao Marekani, na waziri mwenyewe alikuwa nani? Winston Churchill!

Na Churchill huyo huyo alikuja kusimulia jinsi neno moja lilivyogombanisha majeshi rafiki. Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza wanataka jambo fulani wali-"table", yaani lijadiliwe sasa hivi. Wamarekani wakakataa katakata, maana kwao ku-"table" ni kuliweka jambo kando. Wakabishana muda mrefu, tena kwa ukali, kumbe pande zote zinataka kitu kile kile!

Je, wajua kuwa kamusi inaweza kuzaa neno ambalo hakuna mtu amewahi kulitamka? Kamusi ya Webster ya 1934 nchini Marekani ilikuwa na neno "dord", eti maana yake densiti. Mwaka 1931 mhariri wa kemia alikuwa ameandika kikaratasi "D or d", yaani D kubwa au d ndogo, kifupisho cha densiti. Mtu akaziunganisha herufi, na "dord" likakaa kamusini miaka mitano kabla ya mhariri mmoja kushtuka, mwaka 1939, kwamba halina hata asili.

Haya, ya haraka haraka! "Nice" ya leo ni nzuri, zamani ilikuwa mpumbavu. "Girl" alikuwa mtoto yeyote, hata wa kiume. "Meat" ilikuwa chakula chochote. Na J.R.R. Tolkien, kabla ya umaarufu wa riwaya zake, alikuwa kwenye kamusi ile ya Oxford mwaka 1919 na 1920 akihangaika na maneno ya herufi W.

Ile kamusi ya Oxford ya wanafunzi, nene, inayobebwa mkobani sekondari, unajua ilizaliwa wapi? Tokyo! A.S. Hornby na wenzake waliwafundisha Wajapani Kiingereza, wakaona mwanafunzi anahitaji kuonyeshwa neno linavyokaa ndani ya sentensi. Ilichapwa Japani mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na Oxford wakaitoa tena 1948.

Je, wajua kuwa mwanaisimu John Sinclair wa Birmingham aliingiza mamilioni ya maneno kwenye kompyuta ili aone neno linaandamana na nani? Akakuta kwamba kinacho-"set in", yaani kinachoingia na kukaa, kwa kawaida ni kibaya: uozo, kukata tamaa, maambukizi. Wazungumzaji wenyewe hawakuwa wameligundua hilo! Kamusi yake ya 1987 ilieleza kila neno kwa sentensi kamili, kama mwalimu anavyoongea.

Na Waingereza 124 walijitolea kutembea na vinasa sauti, wakirekodi maongezi yao ya kila siku kwa ajili ya hazina nyingine kama hiyo, ya maneno milioni 100, iliyokamilika mwaka 1994.

Juni 2022 ikafika zamu yetu. Kamusi kuu ya Oxford iliingiza "daladala", "jembe" na "nyama choma", kwa sababu Kiingereza cha Afrika Mashariki kinayatumia. Na wale wawili wa Kenya wanaoishi pamoja bila ndoa? "Come-we-stay" nayo imo, na maana yake imeandikwa!