Kondoo Hakui: Kosa ni la Mbegu au la Chakula?



Wengi wetu tunaoishi hapa Milimani tuna kondoo huko nyumbani: Kano, Seme, Nyakach. Mwanakondoo akidumaa tunasema, "Huyu ni wa mbegu mbaya," halafu tunatafuta pesa za kununua Dorper. Mara nyingi pesa hizo ni za karo. Kabla ya kuzitoa, tuangalie kwanza yanayotokea ndani ya ini la kondoo.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo husafiri katika damu hadi kwenye ini, kama barua yenye amri ya kukuza mwili. Seli za ini zina vipokezi, tuseme milango ya kuipokea. Barua ikipokelewa, ini hutoa homoni ya pili, iitwayo IGF-1, nayo huhimiza mifupa na misuli ikue.

Je, kondoo akikosa chakula, homoni ya ukuaji hupungua? La, huongezeka katika damu! Lakini vipokezi vya ini hupungua, IGF-1 hushuka, na mnyama anabaki pale pale. Barua ni nyingi, milango ni michache. Huo ndio ujanja wa mwili wa kujiokoa: homoni sasa husaidia kutumia mafuta ya akiba, ili mnyama aishi hadi mvua irudi.

Mwaka 1999 wanasayansi wa Uskochi walieleza majaribio yao juu ya seli za ini la kondoo katika maabara. Waliona kwamba homoni ya ukuaji na asidi za amino, yaani vipande vya kujenga protini, husaidiana kufanya seli zitoe IGF-1. Hata kwa binadamu ni hivyo: watoto wenye kwashakoo wameonekana na homoni nyingi ya ukuaji, lakini IGF-1 kidogo.

Basi tufanye nini?

1. Kiangazi cha Januari na Februari tusitegemee nyasi kavu peke yake. Tuongeze majani ya viazi vitamu, kaliandra au lusina. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula, maana ina sumu kidogo.

2. Tukipata mashudu ya pamba au pumba za mahindi, tuwape kidogo kidogo. Zikizidi ghafla, tumbo linavurugika.

3. Tumwone bwana mifugo kuhusu dawa ya minyoo. Minyoo hunyonya damu, na protini inapotea nayo.

4. Tusidharau kondoo wekundu wa Kimaasai. Wanastahimili minyoo kuliko Dorper.

Na mtu akija na sindano ya kukuza kondoo haraka, tumwulize: huyu mnyama amekula nini? Dorper mwenye njaa naye atadumaa tu. Tuanze na chakula, mbegu baadaye.