Mtoto wa Watu

Leo twapenda kusema juu ya kazi inayofanywa kila siku majumbani mwetu bila kusifiwa na mtu: kumlea mtoto mdogo asiye wetu. Mama amekwenda sokoni, kazini au hospitali, na mtoto ameachwa kwa bibi, shangazi, jirani au yaya. Kazi hiyo huwa nzito zaidi mtoto akiwa na miaka 2 au 3, tena mwenye nia kali. Ukimvika kiatu, anakivua. Ukimkataza jiko la mkaa, analirudia. Ukimshika mkono, anajitupa chini na kupiga mayowe mpaka majirani wanachungulia.

Hapo mlezi hujiwa na mawazo mawili. La kwanza lasema: “Huyu ni mtoto wa watu, afanye apendavyo.” La pili lasema: “Huyu hakufunzwa kwao, ngoja nimfunze mimi.” Lile la kwanza humwacha mtoto bila kinga, na la pili huinua fimbo. Yote mawili hayafai.

Yafaa kwanza tumwelewe mtoto mwenyewe. Katika umri huo anaanza kutambua kwamba yeye ni mtu mwenye mapenzi yake, mbali na mamaye. Anataka mengi, lakini maneno yake ni machache. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, imsaidiayo mtu kujizuia, ingali changa sana. Hukomaa mtu akiwa amekwisha kupita miaka 20. Kwa hiyo mayowe yake si lazima yawe jeuri. Mara nyingi ni njaa, usingizi, au uchungu wa kutoeleweka.

Wala watoto hawazaliwi na tabia moja. Mwaka 1956 madaktari wawili wa Marekani, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto mjini New York tangu uchanga wao. Waliona kwamba asilimia 10 hivi walipinga kila jambo jipya kwa nguvu. Waliona pia kwamba jambo kubwa si tabia hiyo peke yake, bali jinsi walezi wanavyopatana nayo. Basi nia kali si laana. Ni nguvu inayohitaji kuelekezwa.

Tufanyeje? Kwanza, tupatane na mzazi kabla hajaondoka: mtoto hulala saa ngapi, hukatazwa nini, hutulizwa namna gani. Naye mzazi asimtoroke mtoto. Amwage, amwambie kwamba atarudi, kisha aende. Mtoto anayetorokwa humganda mama zaidi, kwa kuwa hajui atatoweka lini.

Pili, makatazo yawe machache na yasiyobadilika: moto, kisima, barabara, kuumiza wenzake. Katika hayo tusibishane naye. Tumwondoe, au tuliondoe jiko. Katika mengine tumpe nafasi ya kuchagua. Tukimwuliza, “Utakunywa uji?” jibu twalijua. Afadhali tumwulize, “Utatumia kikombe hiki au kile?”

Tatu, akijitupa chini, tukae karibu naye, tuhakikishe hajiumizi, tuseme machache kwa sauti ya chini, tungoje. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa hiyo tusimpe alichokatazwa ili anyamaze. Lakini methali hiyo haikutuagiza tumlize. Akitulia, tumpokee bila kumsimanga. Tusimtishe kwa polisi wala kwa sindano ya daktari, maana siku atakapowahitaji watu hao atawakimbia. Na kamwe tusimtikise kwa hasira: shingo ya mtoto mdogo ni dhaifu, na ubongo waweza kujeruhiwa asipone tena. Mlezi akiona hasira inampanda, amweke mtoto mahali salama, asogee kando kidogo, avute pumzi, au amwite jirani. Mkono mmoja haulei mwana.

Nne, mzazi akirudi aambiwe ukweli. Kama mtoto ameanguka, aambiwe ameanguka. Mtoto wa mwenzetu ni amana, na anayeficha jeraha ameivunja amana hiyo. Lakini tusimshtaki mtoto mbele ya masikio yake, kwani anayesikia kila jioni kwamba ni mtundu, mwishowe huamini.

Maandiko Matakatifu yatupa mfano. Hana alipokwisha kumwachisha Samweli ziwa, alimkabidhi kwa kuhani Eli huko Shilo. Eli hakuwa mlezi mkamilifu. Wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi, walipopotoka hakuwazuia. Hata hivyo alikabidhiwa mtoto wa mwenzake. Hana naye hakujitenga: kila mwaka alimshonea mwanawe kanzu ndogo akampelekea. Mama aliendelea kuwa mama, na mlezi akabaki mlezi. Na usiku ule Samweli alipoisikia sauti ikimwita, alimkimbilia Eli mara tatu, akimwamsha yule mzee asiyeona vizuri. Eli hakumpiga wala hakumfukuza. Alimrudisha akalale, na mara ya tatu akamfundisha namna ya kuitika.

Ninyi makatekista, wakumbukeni walezi hawa katika jumuiya zenu. Watembeleeni, mkawapokee mtoto kwa saa moja ili wapumzike.