Baada ya kunyanyua vyuma, mwili unahitaji nini?

Makopo makubwa ya unga wa protini, yenye picha za watu waliotuna misuli, yanapatikana katika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi kama yanavyopatikana katika maduka ya Muscat, London na Minneapolis.

Kwa mlinzi kutoka Kenya au Uganda anayefanya kazi katika nchi za Ghuba, au kwa mwanafunzi anayejitegemea nchini Uingereza, bei ya kopo moja inaweza kulingana na chakula cha siku nyingi. Huenda fedha hizo ndizo ambazo zingetumwa nyumbani.

Hata hivyo, elimu iliyokusanywa na wataalam wa lishe ya wanamichezo kwa zaidi ya miaka 30 inaonyesha kwamba kazi inayofanywa na unga huo inaweza kufanywa pia na mayai, maziwa, samaki na maharage. Lililo muhimu ni kufahamu mwili unataka nini, kwa kiasi gani, na wakati gani.

Ubomoaji na ujenzi

Misuli haikui wakati mtu anaponyanyua uzito. Wakati huo nyuzi zake hukazwa, na baadhi hupata majeraha madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Baada ya hapo mwili huanza kuondoa protini zilizochakaa na kuunda mpya mahali pake.

Kazi hiyo huendelea kwa muda wa saa 24 hadi 48. Uchunguzi uliofanywa mjini Galveston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mtu anayefanya mazoezi hayo na kukaa bila kula, ujenzi ndani ya misuli yake huongezeka, lakini ubomoaji bado huuzidi.

Mizani hiyo hugeuka pale mtu anapokula protini. Protini inapomeng'enywa tumboni huvunjwa na kuwa amino asidi, ambazo kwa misuli ni mfano wa matofali kwa fundi mwashi. Mojawapo ya amino asidi hizo, iitwayo leusini, ndiyo inayotoa ishara kwamba ujenzi uanze. Maziwa, mayai, nyama na samaki vina leusini kwa wingi.

Dirisha la nusu saa

Katika kumbi nyingi za mazoezi huaminiwa kwamba mtu asipokula ndani ya nusu saa baada ya kutua vyuma, jasho lake lote limepotea bure. Imani hiyo ndiyo inayowafanya wengi wabebe vichupa vya unga uliokorogwa hadi mlangoni mwa ukumbi.

Sehemu ya chanzo chake ni utafiti wa mwaka 1988 uliofanywa na John Ivy na wenzake huko Texas. Watafiti hao waligundua kwamba waendesha baiskeli waliocheleweshwa kupewa wanga kwa saa mbili walirejesha akiba ya nguvu katika misuli yao kwa kasi ndogo zaidi kuliko waliopewa mara moja.

Matokeo hayo yalikuwa sahihi, lakini yalihusu waendesha baiskeli waliochoka kabisa, na yalihusu wanga. Baadaye yalichukuliwa kana kwamba ni sheria kwa kila anayenyanyua vyuma.

Mwaka 2013, Brad Schoenfeld na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu suala hilo. Walipolinganisha watu waliokula kiasi sawa cha protini kwa siku nzima, faida ya kuiwahi mara tu baada ya mazoezi haikuonekana tena.

Kwa maneno mengine, aliyekula chakula cha mchana saa nane na kufanya mazoezi saa kumi bado ana amino asidi katika damu yake, na anaweza kusubiri chakula cha jioni bila wasiwasi. Anayepaswa kufanya haraka ni yule aliyefanya mazoezi alfajiri bila kutia kitu kinywani, kwa sababu mwili wake umekaa usiku kucha bila matofali mapya.

Kiasi kinachotosha

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mtu mzima wa kawaida anahitaji gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi ya hapo.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumuisha tafiti 49 na washiriki 1,863, ulionyesha kwamba protini ya ziada husaidia misuli kukua hadi kufikia takriban gramu 1.6 kwa kila kilo kwa siku. Baada ya kiwango hicho, kwa wastani, nyongeza haikuleta faida zaidi.

Mtu mwenye uzito wa kilo 70 basi hahitaji zaidi ya gramu 112 hivi kwa siku. Mlo mmoja baada ya mazoezi unatosha ukiwa na gramu 20 hadi 40.

Kiasi hicho si kigeni katika jiko la Afrika Mashariki. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi. Gramu 100 za minofu ya kuku iliyopikwa zina takriban gramu 30. Konzi ya karanga yenye uzito wa gramu 30 ina gramu 7.

Mathalan, mtu huyo wa kilo 70 anaweza kula mayai mawili na glasi ya maziwa asubuhi, na wali pamoja na kikombe kimoja na nusu cha maharage mchana. Jioni, baada ya mazoezi, akala kipande kizuri cha samaki au kuku kwa ndizi au viazi, na kabla ya kulala akanywa glasi mbili za maziwa ya mgando na kutafuna karanga. Kwa siku hiyo atakuwa amepata zaidi ya gramu 100 bila kufungua kopo lolote.

Dagaa wanastahili kutajwa peke yao. Kwa kuwa wamekaushwa na maji yametoka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa sababu huliwa na mifupa yao, humpa mlaji pia madini ya kalisi.

Wasiokula nyama nao hawana sababu ya kukata tamaa. Protini za mimea zina leusini kidogo zaidi, hivyo huwabidi kula sehemu kubwa kidogo, na kuchanganya nafaka na jamii ya kunde. Wali kwa maharage, au makande ya mahindi na maharage, ni mchanganyiko ambamo kila upande hujaza upungufu wa mwenzake.

Maziwa na matumbo

Maziwa ni miongoni mwa vinywaji vilivyochunguzwa sana kwa wanyanyua vyuma, na matokeo yake ni mazuri. Yana protini, sukari ya asili, maji na chumvichumvi kwa pamoja. Lakini si kila tumbo huyapokea.

Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 uliwahusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Ulibaini mabadiliko ya kinasaba yanayowawezesha baadhi ya watu, hasa wa jamii za wafugaji, kuendelea kumeng'enya sukari ya maziwa hata wakiwa watu wazima. Wasio na mabadiliko hayo mara nyingi husumbuliwa na gesi au kuharisha.

Kwa watu hao, maziwa ya mgando huwa na unafuu, kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa na bakteria wanaogandisha maziwa.

Wanga si adui

Baadhi ya wanaotaka kupunguza tumbo huogopa ugali, wali na viazi baada ya mazoezi. Lakini misuli hutumia akiba ya wanga, iitwayo glaikojeni, katika kunyanyua. Zoezi moja zito linaweza kupunguza akiba hiyo kwa takriban asilimia 24 hadi 40.

Milo ya kawaida yenye wanga hurejesha akiba hiyo ndani ya siku moja. Kwa anayefanya mazoezi mara tatu au nne kwa wiki hakuna haja ya haraka wala ya vinywaji maalum vya sukari. Anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku ndiye anayepaswa kula wanga mapema.

Lipo jambo jingine ambalo husahauliwa. Mtu asiyepata chakula cha kutosha kwa jumla, mwili wake huichoma protini kama kuni ili kupata nguvu. Kununua unga wa protini na kupunguza ugali ni sawa na kununua mbao za kujengea nyumba kisha kuzitia jikoni.

Maji, chumvi na madafu

Kipimo rahisi cha maji yaliyopotea ni mizani. Mtu akijipima kabla na baada ya mazoezi, kila kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Kwa kuwa sehemu ya maji anayokunywa itatoka kwa mkojo, wataalam hushauri kunywa lita moja na nusu kwa kila kilo, kidogo kidogo kwa muda wa saa chache.

Jasho hutoka na chumvi. Anayekula mlo wa kawaida uliotiwa chumvi huirejesha bila kujua. Madafu yana potasiamu nyingi na huburudisha, lakini madini yanayopotea zaidi katika jasho ni sodiamu. Hivyo madafu yaende pamoja na chakula, yasichukue nafasi yake.

Kunywa maji kupita kiasi nako kuna hatari. Katika mbio za marathon za Boston za mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa walikutwa na upungufu wa sodiamu katika damu, na waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakiwa mbioni kwa kunywa mno.

Soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari na haina protini. Ama pombe, utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba unywaji mkubwa baada ya mazoezi ulipunguza ujenzi wa protini za misuli kwa asilimia 24, hata pale wanywaji walipopewa protini pamoja nayo.

Kilichomo ndani ya kopo

Unga wa protini wenyewe si sumu. Aina iliyoenea zaidi hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Ni chakula kilichokaushwa, na humfaa mtu asiye na nafasi ya kupika.

Hatari iko katika kile ambacho hakikuandikwa. Maabara ya mjini Cologne, Ujerumani, ilichunguza bidhaa 634 za virutubisho zilizonunuliwa katika nchi 13 kati ya mwaka 2000 na 2001. Bidhaa 94, yaani karibu asilimia 15, zilikuwa na viasili vya homoni ambavyo havikutajwa kwenye kibandiko.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila ya kuidhinishwa kwanza na mamlaka ya chakula na dawa. Kwa mwanariadha, kosa la mtengenezaji linaweza kumfungia mashindanoni kwa miaka. Kwa kijana wa kawaida, linaweza kuvuruga homoni au ini lake bila yeye kujua chanzo.

Wakati wa Ramadhani

Kwa wanaofunga, mwili hukaa saa nyingi bila maji wala protini. Walio wengi huona nafuu kufanya mazoezi muda mfupi kabla ya futari, au saa moja hadi mbili baada yake.

Futari ya pwani inajitosheleza kwa kazi hiyo. Tende na uji hurudisha wanga na maji, mbaazi za nazi, samaki au nyama huleta protini. Kilicho muhimu ni kutoiacha daku, kwa sababu mlo huo wenye mayai, maziwa au maharage ndio unaoupa mwili matofali ya mchana kutwa.

Wanaohitaji uangalifu

Misuli ya wazee husikia ishara ya protini kwa uzito zaidi. Tafiti zinaonyesha kwamba mzee huhitaji takriban gramu 0.4 kwa kila kilo katika mlo mmoja, ilhali kijana hutosheka na gramu 0.24. Mzee anayenyanyua vyuma vyepesi asipewe basi kipande kidogo cha nyama kwa kuwa ni mzee.

Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari. Mwenye kisukari naye ashauriane na daktari wake kuhusu wanga na dawa, kwa kuwa mazoezi hushusha sukari ya damu.

Kwa wengine wote, chakula cha baada ya vyuma hakina siri. Ni mlo kamili wa nyumbani wenye protini ya kutosha, maji, na usingizi wa usiku mzima. Kopo linaweza kusaidia pale chungu kinapokosekana, lakini chungu chenye maharage na samaki hakihitaji msaada wa kopo.